Koti la mvua la kuwindia limeanza kunilowesha, je, nilitupe?

Swali: Kamwene mzee, na shikamoo. Naandika kutoka Makambako. Mwaka juzi nilinunua koti la mvua la kuwindia, lile la kitambaa chepesi wanalosema linapumua, kwa bei iliyoniuma. Msimu wa kwanza lilikuwa zuri sana. Desemba iliyopita tuliingia pori la upande wa Rungwa na mjomba wangu, tukiwa na leseni yetu, na siku ya pili tu nilikuwa nimelowa mpaka fulana. Na mimi silichezei: kila safari nalifua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, na porini tulilikausha motoni kila jioni. Mjomba anasema nilitupe ninunue la mpira. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, kamwene. Usilitupe bado. Nikisoma maelezo yako, sidhani kama maji yote yaliyokulowesha yalitoka mawinguni. Mengi yalikuwa jasho lako mwenyewe, na koti lilishindwa kulitoa kwa sababu ambazo umeziandika wewe mwenyewe: sabuni ya unga, maji ya moto, na ule moto wa kambini.

Koti la aina hiyo limejengwa kwa matabaka. Nje kuna nailoni au poliesta. Nyuma yake umebandikwa utando mwembamba wenye matundu madogo mno, ambayo tone la maji haliwezi kupenya lakini mvuke wa jasho unapita. Utando uliovuma kuliko yote ulianzia Marekani mwaka 1969, Bob Gore alipokuwa akivuta fimbo za plastiki ya PTFE zilizopashwa moto. Alipoivuta moja kwa ghafla, badala ya kukatika ilirefuka na kujaa vitundu. Ni plastiki ileile ya utepe mweupe ambao fundi bomba anauzungusha kwenye nyuzi za bomba zisivuje.

Lakini kitu kinachokutana na mvua kwanza si utando. Kule kiwandani kitambaa cha nje hupakwa dawa inayoyafanya maji yajikusanye kuwa matone na kuteleza, kama yanavyofanya juu ya jani la gimbi. Dawa hiyo ndiyo hufa kwanza. Ikifa, kitambaa cha nje kinakunywa maji, koti linakuwa zito na la baridi, na juu ya ule utando sasa kuna blanketi la maji. Mvuke wa jasho unafika hapo unakosa pa kutokea, unakutana na ubaridi, unageuka maji upande wa ndani. Mkono ukiupitisha kifuani unahisi maji, nawe unaamini koti limevuja. Utando wenyewe huenda ni mzima kabisa.

Ili usibahatishe, fanya hivi. Tandaza koti mezani, mgongo ukiwa juu. Mimina kijiko kimoja cha maji begani, pale mkanda wa bunduki unapokaa, na kingine chini mgongoni, mahali pasipoguswa na kitu. Hesabu mpaka sitini. Maji yakikaa yamevimba kama shanga, na ukiinua kitambaa yakakimbia, dawa ipo. Yakitambaa na kuacha doa jeusi lililolowa, dawa ya hapo imekwisha. Makoti mengi ya wawindaji niliyoletewa kwenye kibanda changu cha kushona mahema pale Mbeya yalikuwa na shanga mgongoni na doa begani, kwa kuwa mkanda wa bunduki husugua sehemu ileile hatua kwa hatua kuanzia alfajiri mpaka jioni.

Kisha upime utando. Laza sehemu ya koti juu ya mdomo wa sufuria tupu, uso wa nje ukiwa juu, bonyeza katikati pawe na kishimo, mimina kikombe cha maji na uache dakika kumi. Pitisha karatasi ya choo iliyo kavu upande wa chini na uibonyeze kwenye kitambaa. Ikitoka kavu, utando ni mzima. Rudia begani penye mshono, maana mishono huvuja kabla ya kitambaa. Hapo kwenye mshono, kwa ndani, utaona utepe uliobandikwa kuziba matundu ya sindano. Ukiwa umeanza kubanduka upande mmoja, maji yanapita hapo na hakuna dawa ya kupaka juu itakayokusaidia. Utepe huo unaweza kurudishiwa kwa pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa kikavu, ukibonyeza taratibu bila kuburuta.

Kuna dalili moja ikionekana, mjomba wako ana haki. Geuza koti ndani nje, lisugue kati ya vidole. Ukiona linanata, au linatoa magamba membamba kama ya dagaa, au lina harufu ya kuchacha hata baada ya kufuliwa, bitana ya plastiki ya ndani inaoza. Joto na unyevu vikikaa pamoja huivunjavunja, na hakuna fundi wa kuirudisha. Hilo lifanye la kubebea kuni.

Tuseme lako limepita majaribio hayo mawili ya mwisho na limeshindwa lile la kijiko. Basi kazi iliyobaki ni ya mchana mmoja. Anza kwa kuliosha upya, maana dawa haiamki chini ya uchafu. Sabuni ya unga imetengenezwa ili maji yashikane na nguo na kuingia ndani ya nyuzi. Ndiyo maana inafua vizuri, na ndiyo maana ni adui wa koti la mvua: mabaki yake yanabaki kwenye nyuzi na kuendelea kuyaita maji wakati wewe unataka yafukuzwe. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi. Zipo sabuni maalumu za kazi hii, kama za Nikwax, na ukipata mtu wa kukuletea ni jambo jema. Usipopata, kwangua sabuni ya mche isiyo na manukato kwenye maji ya vuguvugu, funga zipu zote, loweka koti robo saa, kisha sugua kwa kiganja au brashi laini ya viatu penye kola, kwenye vikono na begani. Usilikamue kwa kulipinda. Suuza mara tatu, nne, mpaka maji yatoke bila povu hata chembe. Ukikinga maji ya mvua kwenye ndoo ndiyo bora zaidi, kwa sababu maji ya visima vyenye chumvi huganda na sabuni na kuacha utando mweupe. Na manukato nayakataza kwa sababu unayemfuata ana pua, mwanangu. Pofu, yule mnyama wa jamii ya swala, hahitaji kukuona.

Litundike kivulini mpaka likauke kabisa. Baada ya hapo ndipo joto linapokuja, joto dogo: huiamsha dawa iliyolala na kuisimamisha tena. Ukiwa na pasi ya umeme, weka kwenye alama ya chini kabisa, bila mvuke, tanguliza taulo jembamba juu ya koti, na upitishe polepole. Ukiwa na pasi ya mkaa, inakubidi uwe mvumilivu. Dondoshea tone la maji chini ya pasi. Likiruka na kupiga kelele, pasi ni ya moto mno na itaunguza nailoni. Subiri mpaka tone litulie na kukauka taratibu. Kisha rudia jaribio la kijiko. Mara nyingi koti linarudi hapohapo, bila kununua chochote, na nimewaona watu wazima wakicheka kama watoto maji yanapoanza kukimbia begani.

Lisiporudi, hapo sasa ununue dawa ya kuzuia maji. Ya kupulizia ndiyo ninayoipenda kwa koti lenye bitana, kwani inakaa nje tu. Ile ya kuloweka inaingia hadi ndani na kuifanya bitana isinyonye jasho. Ujue pia kwamba makoti mapya yanadai kuoshwa mara nyingi kuliko ya zamani. Dawa za zamani zilikuwa na kemikali za florini zilizozuia maji na mafuta pamoja, lakini kemikali hizo haziozi, zinabaki kwenye maji na udongo, kwa hiyo makampuni mengi yanaziacha. Dawa za sasa zinazuia maji vizuri ila mafuta yanazishinda. Mafuta ya bunduki, mafuta ya nyama uliyobeba begani, moshi wa kambini, hata jasho la shingo, vyote vinaziua. Kila ukirudi safari, osha.

Sasa huo moto. Nailoni haihitaji mwali ili iharibike. Cheche moja ya mti mkavu inatosha kutoboa tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, na matundu ya namna hiyo nimeyahesabu hadi kumi na nne kwenye mkono mmoja wa koti. Hata bila cheche, joto la karibu hulegeza gundi inayoshika matabaka, halafu unaona kitambaa kimevimba mapovu mapovu. Porini, kung'uta koti kwa nguvu, lifute kwa kitambaa kikavu, litundike chini ya turubai mahali penye upepo, mbali na moto hatua tano au sita. Likibaki na unyevu asubuhi, livae hivyohivyo. Joto la mwili wako litamaliza kazi.

Kuhusu la mpira: mjomba wako hajakosea, ila amejibu swali la pori moja tu. Wazo la koti la mpira ni la zamani. Charles Macintosh wa Uskoti alilisajili mwaka 1823, akibandika mpira katikati ya vitambaa viwili, na tabia yake haijabadilika tangu hapo: maji hayaingii, na ya kwako hayatoki. Watu wa kwetu hatuwezi kujibu kwa koti moja kwa sababu tunaishi kwenye nchi mbili. Ukitoka Mbeya kwenda Chunya unapanda kwanza Kawetere, ukungu unagonga kioo cha gari na vidole vinakufa ganzi. Saa chache baadaye uko Makongolosi unatafuta pa kuvulia shati.

Utando unaopumua husukumwa na tofauti: ndani kuwe na joto na mvuke mwingi kuliko nje. Juu Uporoto, Kitulo au Kipengere, ambako manyunyu yanaweza kuanza alfajiri yasikatike mpaka usiku na hewa ni ya baridi, tofauti hiyo ni kubwa na koti lako linafanya kazi yake sawasawa. Huko koti la mpira litakulowesha kwa jasho ukipanda mlima na kukugandisha ukisimama. Lakini kule miombo ya Rungwa mwezi Desemba hewa yenyewe ni ya joto na imeshajaa unyevu. Utando unakosa nguvu ya kusukuma, hata uwe wa bei gani. Hukuniambia msimu wa kwanza uliwinda wapi, ila kama ilikuwa juu huku kwetu Njombe, basi sehemu ya jibu la swali lako iko hapo.

Kwa pori la chini ningekushauri uchukue vazi jepesi la kujitupia, lililo wazi mbavuni, lenye upana wa kufunika na bunduki. Mvua ya kule mara nyingi huja kwa kishindo mchana, inamwaga, inapita. Usitembee ndani yake. Simama chini ya turubai, si chini ya mti mrefu uliojitenga, kwa maana radi zetu unazijua. Mvua ikikatika, nyayo za zamani zimefutwa, na kila unayoiona ardhini ni ya sasa hivi. Hapo ndipo mfuata nyayo anapofurahi, na hapo ndipo unapotakiwa uwe mkavu na mwenye nguvu.

Ukifika siku ya kununua jingine, sikiliza kabla ya kutazama. Shika kitambaa sikioni ukisugue. Kikilia kama mfuko wa biskuti, mnyama atakusikia kabla hujainua bunduki. Vitambaa vyenye manyoya mafupi kwa nje ni kimya, ila vinakunywa maji na kuwa vizito. Nami kwa windo la kunyemelea nakubali uzito huo. Kofia ya koti iwe inageuka na kichwa, maana nyingi zinabaki zimetazama mbele wakati wewe unatazama kando, tena zinaziba masikio. Mimi huvaa kapelo na kuacha kofia ya koti mgongoni mpaka mvua izidi. Koti liwe pana kiasi cha kuvaa sweta ndani na bado uinue mikono kulenga bila kubanwa kwapani, na zipu za kwapani zikiwepo ni neema.

Rangi zina mambo mawili ambayo hutayakuta kwenye maelezo ya wauzaji wa nje. Kwanza, usivae mabaka ya kijeshi, hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa mnadani. Makoti mengi ya kuwindia yanayotoka Ulaya na Marekani ni ya mabaka, na kwetu raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa wananchi kuzisalimisha. Pili, ndorobo hufuata rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Koti la buluu ya kukolea kule Rungwa litakufanya mtego unaotembea. Chukua kijani kilichofifia, kahawia au rangi ya majani makavu.

Usidharau mitumba. Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, mapema siku wanayofungua marobota, tafuta makoti ya kazi ya wafanyakazi wa Ulaya, yale ya wavuvi na wa misitu. Ndani kwenye lebo tafuta picha ya mwavuli na maandishi EN 343. Chini yake kuna tarakimu: ya kwanza ni uwezo wa kuzuia maji, ya pili ni uwezo wa kutoa jasho, na kubwa ndiyo bora, 3 kwa lebo za zamani na 4 kwa zile za baada ya 2019. Kama lebo imeandikwa milimita, kama 10,000, maana yake kitambaa kilistahimili mlingoti wa maji wa urefu wa mita 10 kabla ya kuvuja. Mvua yenyewe haisukumi kwa nguvu hiyo, bali goti ulilopigia chini kwenye tope na mkanda wa mkoba begani vinasukuma sana, kwa hiyo usishuke chini ya hapo. Halafu fanya lile jaribio la vidole kwa ndani, palepale mbele ya muuzaji. Mimi mwenyewe niliwahi kununua koti jipya dukani lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba halipitishi maji, nikafika nalo porini ndipo nikagundua mishono haikuzibwa hata mmoja.

Chini ya koti kuna jambo linalonigusa, nami naomba ulichukue kwa uzito. Miaka ya nyuma tulikuwa juu ya Matamba pamoja na askari wa wanyamapori tukifuata nguruwe pori waliokuwa wanamaliza viazi vya watu. Mwenzetu mmoja alikuwa na koti zuri la mpira, ndani fulana na sweta la pamba. Alipanda akatoka jasho, kisha tukakaa kimya saa mbili tukisubiri. Alitetemeka kwanza. Kisha akaacha kutetemeka, nasi tukadhani amepata nafuu. Nilipomwambia afunge kifungo cha juu, vidole vyake vilizunguka kifungo bila kukishika, na maneno yake yakawa kama ya mlevi. Tulimvua vyote vilivyolowa, tukamvika sweta kavu la sufu, tukamweka katikati yetu chini ya turubai, na alipoweza kumeza vizuri tukampa chai ya sukari. Maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa, na pamba ikilowa inakaa mwilini kama kitambaa cha maji baridi. Kwa hiyo ndani vaa sufu au poliesta, hata ya mtumba, na usiruhusu mkono wa shati utokeze nje ya mkono wa koti, kwani unanyonya maji kama utambi mpaka kwenye kiwiko. Suruali ya mvua ipite juu ya gambuti, isiingie ndani. Majani yaliyolowa humwaga maji mengi magotini kuliko mvua yenyewe.

Tundu la mwiba lizibe kwa ndani, kwa gundi ya kuzibia mahema na kiraka cha mviringo, maana pembe za kiraka ndizo hubanduka kwanza. La mpira unaweza kuliziba kwa solusheni na kipande cha tyubu ya baiskeli. Usimpelekee fundi cherehani ashone kiraka juu. Kila tundu la sindano ni mlango mpya.

Msimu ukiisha, lioshe, likauke siku mbili, litundike kwenye hanga chumbani, zipu ikiwa wazi. Usilikunje ndani ya begi, wala usiliache kwenye buti la gari au juu ya dari la bati.

Fanya hilo jaribio la kijiko Jumapili hii, kisha uniandikie maji yalikaaje begani na mgongoni, na utepe wa mishono ukoje. Nikijua hayo nitakuambia kama dawa ya kupulizia inatosha au ulilete Mbeya nilitazame.